Kukomesha uonevu dhidi ya wafanyakazi wapya hotelini

Hoteli nyingi za pwani na kambi za mbugani huajiri mwezi wa Mei na Juni, masika yanapoisha na msimu wa wageni wa Juni hadi Oktoba unapokaribia. Ndani ya wiki chache jiko, restoranti na kitengo cha usafi wa vyumba hujaa sura mpya: wenye mikataba ya msimu, vibarua, wanafunzi wa field (mafunzo kwa vitendo) kutoka vyuo vya utalii. Ndipo ule mchezo wa "kumkaribisha" mpya unaposhamiri. Anatumwa stoo akalete ndoo ya mvuke au kisu cha mkono wa kushoto. Anafungiwa kwenye chumba cha baridi dakika mbili ili wenzake wacheke. Anaachiwa masufuria yote ya bafe siku kumi mfululizo. Anaitwa "njuka" au "kuruti" mpaka watu wanasahau jina lake.

Mwongozo huu umeandikiwa meneja, shefu, supavaiza na ofisa utumishi. Sehemu ya mwisho ni ya yule anayeanza kazi.

Kazi ngumu ni ipi, uonevu ni upi

Jiko la hoteli ni kazi ngumu, na mtu mpya huanzia chini. Kumenya kilo 50 za viazi si uonevu. Kuosha masufuria si uonevu. Kukemewa kwa sauti kwa sababu umeacha mpini wa kikaango ukiwa nje ya jiko, ambapo mtu anaweza kuugonga na kumwagikiwa mafuta, si uonevu pia. Uonevu unaanza pale kazi inapopewa mtu ili aumie au aaibike, wala si kwa sababu inahitajika kufanyika.

Ukiwa na shaka, jiulize maswali manne. Je, wazoefu nao hupangiwa kazi hii kwa zamu, au ni ya wapya tu? Inamfundisha kitu cha kazi yake? Akikataa, atapata adhabu ya chini chini, kama kunyimwa chakula, kufichiwa vifaa au kupangiwa zamu mbaya? Na wanaomfanyia wangeifanya mbele ya mwenye hoteli? Majibu mawili mabaya yanatosha kuisimamisha. Viazi kilo 50 ni kazi. Viazi vilivyokwisha menywa kumwagwa tena kwenye gunia la visivyomenywa ili aanze upya ni mateso.

Mengine hayahitaji swali hata moja. Kumgusa mtu kwa koleo au kijiko chenye moto. Kumtilia pilipili au kitu kingine kwenye chakula au kinywaji. Kumlazimisha Mwislamu aonje pombe baa, au aliyefunga aonje mchuzi mchana wa Ramadhani. Kumdhihaki mtu kwa kabila lake, dini yake, au kwamba ametoka bara au visiwani. Kumtaka mtu kimapenzi kwa ahadi ya ratiba nzuri au mkataba. Hilo la mwisho lina jina lake katika sheria ya Tanzania, nalo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba ya bure 113. Si jambo la kusuluhishwa ofisini kwa meneja.

Madhara: mtu anafundishwa kunyamaza

Watu wakizungumzia madhara hutaja huzuni, kukosa usingizi na kuacha kazi. Yote ni kweli. Lakini katika biashara ya hoteli kuna dhara linalotangulia hayo, na ndilo linalomfikia mgeni mezani: mfanyakazi mpya anajifunza kwamba kuuliza kunaleta kicheko na kukiri kosa kunaleta adhabu. Basi anaacha kuuliza, na anaficha.

Fuata mnyororo huu. Weita mpya aliulizia jambo juzi, jiko zima likamcheka. Leo mgeni anamwuliza kama mchuzi una karanga. Hajui. Kurudi jikoni kuuliza ni kuchekwa tena, na shefu yuko katikati ya oda za saa mbili usiku. Anasema, "Hauna." Kwa mtu mwenye mzio mkali wa karanga, jibu hilo linaweza kumziba koo ndani ya dakika chache. Hali ni hiyo hiyo kwa kamba, ufuta, korosho, mayai na maziwa. Nidhamu yote ya mzio inategemea mtu wa chini kabisa kuwa na ujasiri wa kusema "sijui, ngoja niulize".

Au glasi imepasuka karibu na pipa la barafu. Utaratibu sahihi unajulikana: barafu yote inatolewa, pipa linamwagiwa maji ya moto mpaka kila kipande kiyeyuke, linafutwa, linakaguliwa kwa mwanga, kisha linajazwa upya. Ni kazi ya karibu nusu saa na baa inasimama. Mpya ambaye jana alikatwa fedha kwa sababu ya sahani, au aliyetukanwa mbele ya wageni, ataokota vipande vikubwa na kunyamaza. Vidogo vinabaki ndani, navyo kwenye barafu havionekani.

Upande wa usafi wa vyumba hatari iko kwenye kemikali. Dawa ya kuondolea madoa yenye klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na yenye amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Mpya aliyepewa chupa zisizo na lebo na kuambiwa "utajua mwenyewe" anaweza kulijua hilo akiwa amejifungia bafuni bila dirisha.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, mwaka 1996 alichapisha uchunguzi kuhusu makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kusema. Meneja wa hoteli anaweza kuchukua kipimo hapo. Daftari la vyombo vilivyovunjika likikaa tupu mwezi mzima katika restoranti ya viti 120, usifurahi. Vyombo vinavunjika, hakuna anayeandika.

Gharama ya fedha nayo ihesabiwe, kwa sababu mwenye hoteli huisikiliza haraka. Chukua mfano huu, kisha uweke tarakimu zako. Mpishi msaidizi wa shilingi 350,000 kwa mwezi anaacha kazi wiki ya tano. Mwezi wake wa kwanza alifanya nusu ya kazi: 175,000 zimepotea. Mzoefu wa mshahara wa 600,000 alitumia robo ya muda wake kumfundisha: 150,000. Sare pea mbili, 80,000. Vipimo vya afya na usaili, 40,000. Nafasi ikikaa wazi nusu mwezi na kuzibwa kwa saa za ziada zinazolipwa mara moja na nusu, utalipa 262,500, ukitoa 175,000 ambazo hukumlipa yeye. Jumla ni 532,500, yaani mshahara wa mwezi mmoja na nusu, kwa mtu mmoja tu. Na hapo hatujahesabu sifa mbaya vyuoni. Wanafunzi wa field huambiana hoteli ipi si ya kwenda, na mwaka unaofuata walio bora hawaombi.

Kwa nini wazoefu wanautetea

"Na sisi tulipitia." Utaisikia sentensi hiyo siku ya kwanza utakapogusa suala hili, tena mara nyingi kutoka kwa wafanyakazi wazuri. Usiwadharau. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills waliwapitisha wanafunzi wa chuo Marekani kwenye jaribio: baadhi walipewa mtihani wa aibu kabla ya kujiunga na kikundi cha majadiliano, wengine mtihani mwepesi au hakuna kabisa. Kikundi chenyewe kilikuwa cha kuchosha makusudi. Walioaibishwa zaidi ndio waliokisifia zaidi. Mtu aliyelipa kwa maumivu hutaka kuamini kwamba alichonunua kina thamani. Kwa hiyo mzoefu anayesema "ilinikomaza" anasema anachokiamini. Kilichomkomaza ni miaka ya kazi, na kufungiwa kwenye friza hakukumwongezea ujuzi wowote wa kisu.

Wengine watasema ndiyo desturi ya majiko makubwa tangu Ufaransa. Auguste Escoffier, aliyeupanga utaratibu wa vyeo vya jikoni tunaoutumia mpaka leo, alianza kazi akiwa na miaka 13 katika mgahawa wa ami yake mjini Nice, katika majiko yenye kelele, matusi na ulevi. Alipokuja kuwa mkuu alikataza matusi na pombe jikoni kwake. Vyeo vilipangwa ili kila mtu ajue kazi yake na anamwuliza nani.

Mzizi mwingine uko karibu zaidi nasi: shule za bweni. Wengi walionewa kidato cha kwanza, wakaonea kidato cha tatu, na wanafika kazini wakiijua njia hiyo moja tu ya kumpokea mtu.

Siku 30 za kwanza

Uonevu hujaza nafasi iliyoachwa wazi. Mpya asiyejua asimame wapi, ale saa ngapi na amwulize nani yuko mikononi mwa yeyote atakayemfikia kwanza. Ziba nafasi hiyo.

Kabla hajafika, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Kitabu cha sera cha kurasa 40 kwa Kiingereza, kilichosainiwa bila kusomwa, hakimlindi mtu. Ukurasa huo uwe na ratiba yake ya wiki mbili, saa ya chakula, jina la anayemfundisha, jina la mtu wa pili wa kumwendea kama tatizo ni huyo anayemfundisha, na orodha ya mambo matano au sita yaliyokatazwa kwa majina yake halisi: kufungiana chumba cha baridi, kuunguzana, kutiliana kitu kwenye chakula, kuchukuliana tipu, kulazimishana pombe, kuguswa mwili. Neno "unyanyasaji" peke yake halitoshi. Kila mtu huamini anachofanya yeye ni utani.

Mteue anayemfundisha kwa makini. Kosa la kawaida ni kumpa kazi hiyo mwenye miaka mingi zaidi. Mpe anayeeleza vizuri na aliyewahi kukiri kosa lake mbele ya wenzake, hata kama ana miaka miwili tu. Mpunguzie kazi yake kwa robo katika wiki hizo mbili, na umlipe posho ndogo, ambayo mwalimu huyo ataipata pale mpya wake atakapofikisha siku 60 kazini. Usipompunguzia kazi, mpya atakuwa mzigo kwake, na hasira ya mzigo humrudia mpya.

Siku ya kwanza asiguse kazi saa mbili za mwanzo. Anatembezwa, anatambulishwa kwa jina lake kwa kila kitengo, anaonyeshwa vitu vya usalama kwa mikono yake mwenyewe: anafungua chumba cha baridi kutoka ndani, anazima gesi kwenye valvu kuu, anagusa blanketi la moto, anafungua sanduku la huduma ya kwanza. Shefu au meneja aseme mbele ya zamu nzima, kwa sentensi zake mwenyewe, jambo kama hili: "Huyu ni mwenzetu kuanzia leo. Akiuliza, mjibuni. Akikosea, aniambie mimi, na hakuna atakayemcheka." Sentensi hizo zikitoka kwa shefu mwenyewe zina uzito kuliko tangazo lolote ukutani.

Panga ujuzi kwa ngazi. Jikoni, siku tatu za kwanza ni usafi, stoo na kisu kwa mboga. Siku ya nne hadi ya saba saladi na maandalizi. Wiki ya pili asimame pembeni ya jiko la moto na mwenzake. Kikaango cha mafuta mengi, ambacho hufanya kazi kwenye nyuzi 175 hadi 190, kisubiri mpaka aonyeshe anajua kumwaga na kuchuja mafuta yaliyopoa. Kazi ya masufuria ipangwe kwa zamu na majina yaandikwe ubaoni, mpya na mzoefu sawa. Ubao huo unaondoa nusu ya ugomvi.

Vyumbani, anza na vyumba sita hadi vinane kwa zamu na uongeze viwili kila wiki mpaka afikie kiwango cha wenzake. Hapa uonevu ni wa kimya na supavaiza wengi hawauoni. Wazoefu huchukua vyumba vya wageni wanaoendelea kukaa, ambavyo ni vya kutandika na kufuta tu, na kumwachia mpya vyumba vya wanaoondoka na nyumba za familia, ambavyo huchukua muda mara mbili. Au wanamwondolea mashuka kwenye toroli lake. Au mmoja anatangulia kuingia chumbani asubuhi na kuchukua tipu iliyoachwa kitandani. Dawa ni kugawa vyumba kwenye karatasi kila asubuhi, vya kuondoka na vya kuendelea kwa uwiano sawa, mashuka kuhesabiwa na kusainiwa, na ufunguo wa ghorofa kuwa kwa mtu mmoja mpaka amalize.

Kisha zungumza naye siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, dakika kumi tu, mahali ambapo wenzake hawasikii. Usiulize "Unaendeleaje?" Atakujibu "Nzuri", kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kujibu. Uliza mambo yanayohesabika. Jana ulikula saa ngapi? Vyumba vya kuondoka ulipewa vingapi? Nani alikuonyesha mashine ya kukatia nyama? Umevunja nini wiki hii, na ulimwambia nani? Tipu ya Jumamosi ulipata kiasi gani? Anayeonewa hatakuambia kwamba anaonewa, lakini atakuambia kwamba alikula saa kumi jioni, amesimama, mabaki ya bafe.

Fedha, vyombo na nywila

Uonevu mkubwa wa wapya hupita kwenye fedha, na mara nyingi uongozi wenyewe umo.

Vyombo vilivyovunjika kwanza. Kumkata mpya gharama ya kila glasi, au kugawa hasara ya mwezi kwa wote, hufanyika sana. Tanzania Bara, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakiruhusu hivyo. Ili kufidia hasara, ni lazima itokee kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, isizidi gharama halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, isomwe hiyo. Lakini ushauri wetu unakwenda mbele ya sheria: weka kiwango cha kawaida cha uvunjaji kwenye bajeti, usimkate mtu kwa ajali, na udai kitu kimoja tu, kwamba aseme papo hapo. Bei ya glasi ni ndogo sana ukiilinganisha na kigae kwenye barafu ya mgeni.

Tipu nazo ziandikwe. Mfumo wa pointi unafaa: mpya apate nusu pointi mwezi wa kwanza na pointi kamili kuanzia wa pili, na karatasi ya mgawo ibandikwe mahali ambapo kila mmoja anaona. "Tutakuona" si mgawo.

Nywila ya mfumo wa mauzo apewe siku ya kwanza, yake peke yake. Mpya anapoambiwa "tumia ya kwangu kwanza", au mzoefu anapoingia kwa jina la mpya, bili zinaweza kufutwa na deni likamwangukia asiyejua. Vivyo hivyo droo ya fedha: haipokelewi bila kuhesabiwa na watu wawili na kusainiwa, hata kama foleni ya wageni imefika mlangoni.

Sehemu za hatari za kukagua kila wiki

Chumba cha baridi ndicho cha kwanza. Friza huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na mtu mwenye shati la mikono mifupi, lililolowa jasho la jikoni, hapoi polepole. Kila Jumatatu mtu mmoja aingie, mwingine asimame nje, mlango ufungwe, kitasa cha ndani kisukumwe. Ni lazima kifungue hata kama kufuli limetiwa nje. Kisipofungua, chumba hicho kisitumike mpaka fundi aje. Barafu ikikusanyika kwenye kitasa, iondolewe kila siku. Anayeingia achukue kufuli mkononi aingie nalo. Na iwe wazi kwa wote: kumfungia mtu humo ni shambulio, hata kama ni kwa sekunde 30.

Mtu akiungua, iwe kwa ajali au kwa "utani", maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Vua pete na saa mapema. Usipake dawa ya meno, siagi, wala barafu. Malengelenge makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kuungua uso, mikono au sehemu za siri, ni hospitali. Andika kwenye daftari la ajali siku hiyo hiyo na jina la kila aliyekuwepo. "Aliteleza mwenyewe" iliyoandikwa wiki moja baadaye haisaidii yeyote.

Kambi za mbugani

Kambini mambo ni mazito zaidi kwa sababu mpya hana pa kwenda. Anaishi kota na haohao wanaomtesa, wiki sita au zaidi kabla ya likizo, mtandao wa simu unashika juu ya kilima tu, na gari la mjini huja kwa ratiba. Zamu ikiisha uonevu unahamia kota: kufulishwa nguo za wenzake, kunyimwa kitanda, kulazimishwa kunywa. Usimweke mpya chumba kimoja na bosi wake wa zamu. Wapya wawili wakae pamoja, au mpya na anayemfundisha kama wote ni jinsia moja na amekubali. Simu au redio ya kumfikia ofisa utumishi mjini iwe mahali ambapo meneja wa kambi hasimami mlangoni. Na ahadi moja iandikwe kwenye mkataba: akiomba kuondoka, atapandishwa gari linalofuata, bila swali na bila kukatwa nauli.

Malalamiko yakifika

Siku hiyo hiyo watenganishe, na anayehamishwa awe mtuhumiwa. Kumhamisha aliyelalamika kunaonekana ni huruma, lakini zamu nzima inaisoma kama adhabu, na hutapata lalamiko jingine mwaka huo. Chukua maelezo ya kila mmoja peke yake: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Nakili picha za kamera mapema, kwa kuwa mifumo mingi hujifuta yenyewe baada ya wiki chache au hata siku chache. Mshahidi bora mara nyingi ni stiwadi wa masufuria. Huona kila kitu na haulizwi.

Usifanye lile kosa la kuwaita wote wawili ofisini, kuwaambia wapeane mikono na "tuyamalize kifamilia". Mpya atapeana mkono. Kesho yake atalipizwa.

Kwa adhabu, fuata utaratibu, maana ukikosea hatua mtesaji anaweza kurudi kazini kwa amri ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiwa na nguvu zaidi. Tanzania Bara, Kanuni za Utendaji Bora (Tangazo la Serikali, GN, Na. 42 la 2007) zinataka uchunguzi kwanza, kisha mtuhumiwa apewe tuhuma na muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake. Kumtuma mtu ndoo ya mvuke kunastahili onyo. Kumshambulia mwili mfanyakazi mwenzako kumetajwa katika kanuni hizo miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia. Hoteli nyingi zinavuka idadi hiyo.

Supavaiza aliyeona akanyamaza naye aulizwe. Bila hilo, mengine yote ni karatasi.

Ukiwa wewe ndiye unayeanza

Beba daftari dogo mfukoni. Andika kila siku saa uliyoingia na kutoka, kazi uliyopewa, na lolote baya: nani, saa ngapi, wapi, nani aliona. Mistari mitatu inatosha. Picha ya jeraha ipigwe siku hiyo hiyo. Yaweke nyumbani au kwenye barua pepe yako, yasibaki kwenye simu ya kazini.

Utani mwepesi unaweza kuumaliza kwa kutoupa uzito: rudi na jibu lako kwa adabu, endelea na kazi. Kazi isiyo ya haki iseme kwa heshima na kwa hoja ya ratiba, mbele ya mtu wa tatu: "Shefu, masufuria nitayaosha kama nilivyopangiwa. Ila nimeyaosha zamu nne mfululizo, na ubao unasema tunabadilishana. Naomba kesho nikae saladi." Kinachogusa mwili wako, dini yako au usalama wako hakina utani. Kataa kwa neno moja, toka mahali hapo, nenda kwa yule mtu wa pili uliyetajiwa. Kama hujatajiwa, nenda kwa ofisa utumishi, au tawi la chama cha wafanyakazi: CHODAWU kwa Tanzania Bara, KUDHEIHA kwa Kenya. Mwanafunzi wa field amwambie pia mwalimu msimamizi wake, kwa sababu chuo kina uwezo wa kuacha kupeleka wanafunzi hapo, na hoteli zinalijua hilo.

Tarehe nazo ni muhimu. Tanzania Bara, ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita na mwajiri huyo, lakini katazo la kunyanyaswa kwa sababu ya kabila, mahali ulipotoka, dini, jinsia, ujauzito, umri au ulemavu linakulinda tangu siku ya kwanza. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya 60. Ukiwa umevuka miezi sita na ukalazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, sheria inaweza kukuhesabu kama uliyeachishwa. Usiandike kwenye barua "kwa sababu binafsi". Andika kilichotokea, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.